Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Video na Picha katika Ufundishaji wa Anatomia ya Ubongo

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, mlioko Kampala, Mbarara, Gulu, Mbale na kwingineko. Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Mimi nitazungumzia kazi iliyotushughulisha kuliko zote mwaka huu: kutengeneza video za kuwafundishia wanafunzi wa udaktari anatomia ya ubongo na neva.

Sote tunaijua hali darasani. Mwanafunzi aliyeimudu misuli ya paja bila shida hunywea akifika kwenye shina la ubongo. Mwaka 1994 daktari wa Marekani, Ralph Jozefowicz, aliiita hofu hiyo nyurofobia. Msiwaite wavivu. Kitabu huwaonyesha ubongo kipande kimoja kimoja, tena bapa, kisha tunawataka wajue kipi kimepita nyuma ya kipi.

Ndiyo maana tulianza na ventrikali, yaani vyumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo, na njia ya maji hayo. Video inafuata maji hayo tangu yanapotengenezwa kwenye ventrikali za pembeni, yanaingia ventrikali ya tatu, yanapenya mfereji mwembamba wa Silviasi, yanafika ya nne, kisha yanatoka na kuuzunguka ubongo na uti wa mgongo. Kwa mtu mzima hutengenezwa takribani mililita 500 kwa siku, ilhali yaliyopo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu. Hapo tunasimamisha picha, tunaziba mfereji, tunaiacha iendelee. Ventrikali tatu za juu zinatanuka, ya nne inabaki ilivyo. Mwanafunzi hahitaji tena kukariri kwa nini kichwa cha mtoto kinakua kupita kiasi maji yakizibiwa njia.

Mfano huo ni wetu. Hapa Uganda watoto wengi wenye kichwa kikubwa walipata maambukizi wakiwa wachanga. Na ni Mbale, katika hospitali ya watoto ya CURE, ambako Daktari Benjamin Warf aliendeleza upasuaji wa kutoboa sakafu ya ventrikali ya tatu kwa endoskopu, yaani kamera nyembamba inayoingizwa mwilini, na kuchoma tishu inayotengeneza maji, ili watoto wengi wasilazimike kuishi na mpira wa kutolea maji kichwani. Asiyeijua sakafu ile haelewi tundu linapitia wapi. Sioni sababu ya kuagiza mifano kutoka mbali ilhali hii tunayo.

Maelezo tumeyarekodi kwa Kiswahili, kwa kuwa madarasani mwetu wamo pia vijana wa Kenya, Tanzania na Kongo. Majina ya viungo yamebaki kama yalivyo kwenye mitihani.

Kuhusu intaneti, kamati iliamua mapema kwamba kila video iwe fupi, nyepesi, na iweze kupakuliwa mara moja na kutazamwa baadaye bila bando. Umeme ukikatika, simu bado ina chaji. Video nzuri inayokwama katikati humchosha mwanafunzi kuliko kutokuwa nayo kabisa.

Kuna wanachama waliopendekeza kwamba sasa tupunguze saa za maabara. Nasema wazi kuwa sikubaliani nao. Skrini haimfundishi mtu ulaini wa ubongo, wala jinsi utando mgumu unavyoshikilia fuvu unapoubandua. Utaratibu ninaoutetea ni huu: mwanafunzi atazame video usiku, asubuhi aushike ubongo wenyewe, ageuze, atafute mwenyewe alichokiona. Mwalimu asimame pembeni amuulize maswali.

Picha za wagonjwa zitumike kwa ridhaa yao au ya wazazi, bila uso wala jina. Katika hili hatutalegeza.

Mwaka ujao tutashughulikia neva 12 za kichwa, kisha mishipa ya damu ya ubongo, maana kiharusi kimejaa wodini. Tunahitaji watu wa kurekodi sauti na wenye picha za siti skani zilizo safi. Aliye tayari ajiandikishe kwa katibu kabla mkutano haujafungwa.