Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kazi ya Kupima Majibu ya Programu za Aljebra

Ndugu wanachama,

Nawasalimu na kuwashukuru kwa kufika. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia kazi iliyotushika mwaka mzima, ya kupima majibu ya programu za aljebra, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa kwa alama kama x, tunazowafundishia wanafunzi.

Tulianza vibaya, na lawama hiyo ni yangu. Tulikuwa tukilinganisha jibu la programu na la kitabu herufi kwa herufi. Sasa chukueni intigrali (hesabu ya eneo chini ya mchoro) ya sin x · cos x. Programu moja inatoa sin²x/2, nyingine inatoa −cos(2x)/4. Yote mawili ni sahihi, maana yanapishana kwa robo tu, na robo haibadiliki. Kipimo chetu kiliandika “kosa” mbele ya mojawapo, tukapoteza wiki nzima kutafuta hitilafu isiyokuwepo. Ndipo tukabadili utaratibu: jibu tunalitofautisha, yaani tunatafuta kasi ya mabadiliko yake, hesabu iliyo kinyume cha intigrali, kisha tunaweka thamani za x za nasibu kuona kama tumerudi kwenye swali.

Utaratibu huo ni mzuri, lakini nao una mwanya. Jioni moja kijana wetu mmoja alileta intigrali ya 1/(2 + cos x) kuanzia 0 hadi 2π. Programu ilijibu 0. Tukalitofautisha jibu lake la jumla, likapita bila shida. Mwalimu mmoja mama akainuka, akashika chaki, akasema: cos x haizidi 1, basi 2 + cos x haizidi 3, basi mchoro wote uko kwenye theluthi moja au juu yake. Eneo haliwezi kupungua 2π/3, yaani kama 2.09. Hiyo sifuri imetoka wapi? Ukumbi ulinyamaza. Jibu la kweli ni 2π/√3, karibu 3.6276. Fomula ya programu ilikuwa na tan(x/2) ndani yake, nayo inakatika x inapofika π. Programu ilishika ncha mbili, ikatoa moja kwa nyingine, isiuone mpasuko wa katikati. Mstari ule wa ubaoni ndio ninaouthamini kuliko yote tuliyofanya mwaka huu. Tangu hapo kila intigrali yenye mipaka tunaikokotoa pia kwa namba tupu, na taarifa ya kosa tumewapelekea watengenezaji.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kulaumu mashine. Intigrali ya sin(x)/x, kuanzia 0 na kuendelea bila kikomo, ni π/2. Wanahisabati David Borwein na mwanawe Jonathan walionyesha mwaka 2001 kwamba ukizidisha ndani yake kwa sin(x/3)/(x/3), kisha vivyo hivyo ukiweka 5, 7, 9, 11 na 13 mahali pa 3, inabaki π/2 ile ile. Ukiongeza 15 inapungua, kwa takriban 2.3 × 10⁻¹¹. Anayesoma desimali kumi haoni tofauti yoyote, na anayeamini mtindo ataliita jibu sahihi kosa. Sababu ipo: 1/3 + 1/5 + … + 1/13 haifiki 1, lakini ukiongeza 1/15 inavuka.

Yaliyobaki ni vipeuo na logi (logarithimu). Bado tunakuta √(x²) ikirahisishwa kuwa x bila kuulizwa kama x ni hasi, na wanafunzi wananakili hivyo hivyo. Kamati inahitaji watu wawili wa kushika eneo hili. Anayekuta jibu la mashaka alete swali fupi kabisa linaloonyesha tatizo, jina na toleo la programu, jibu alilopewa, na sababu ya kulitilia shaka. Picha ya skrini peke yake haitusaidii, kwa kuwa hatuwezi kulirudia jaribio.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti