Barua ya wazi kwa shangazi yangu: yule aliyemshika mkono Belafonte

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Uliponiuliza ni nani yule mwanamke Mzungu aliyemshika mkono Harry Belafonte katika kile kipande cha televisheni ya zamani, nilikujibu kwa haraka kwamba ni Petula Clark, mwimbaji wa Uingereza, kisha tukaingia katika mazungumzo mengine. Jibu hilo limenisumbua tangu siku ile. Belafonte, mwimbaji Mweusi wa Marekani, unamjua vizuri kwa “Malaika” aliyoirekodi na Miriam Makeba, na mama huyu naye anastahili kujulikana kwa zaidi ya sekunde zile chache.

Alizaliwa mwaka 1932, akaanza kuimba katika redio ya BBC akiwa mtoto, vita vikiwa vimepamba moto, na kufikia 1944 alikuwa ameshaingia katika filamu. Waliomsimamia walitaka abaki mtoto. Hata alipokuwa msichana mkubwa aliendelea kuvishwa kitoto na kupewa nafasi za kitoto, na naamini humo ndimo alimojifunza uchungu wa kuamuliwa kila jambo na wengine. Baadaye alikwenda Ufaransa, akaolewa mwaka 1961 na Claude Wolff, akajenga jina upya kwa Kifaransa. Wengi huanzia hadithi yake kwenye “Downtown”, wimbo uliotungwa na Tony Hatch ulioshika nafasi ya kwanza Marekani mwezi Januari 1965, ilhali wakati huo alikuwa na miaka 32, watoto wawili, na zaidi ya miaka 20 kazini.

Ndiyo maana, Shangazi, siuoni mkono ule kama jambo la bahati. Mwezi Machi 1968 alikuwa akirekodi kipindi chake mwenyewe cha televisheni ya NBC ya Marekani, Belafonte akiwa mgeni wake, na katikati ya wimbo akamshika mkono. Mwakilishi wa kampuni ya magari iliyodhamini kipindi alikasirika, akataka itumike rekodi nyingine ambayo wawili hao walisimama mbalimbali. Kumbuka kwamba haikuwa imetimia hata mwaka mmoja tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ifute sheria za majimbo zilizokataza ndoa kati ya weusi na weupe. Clark na mumewe walikataa. Wakahakikisha rekodi zile nyingine zimefutwa, ili pasibaki cha kuchagua. Mwimbaji mchanga aliyeokotwa jana na kampuni ya santuri asingeweza kufanya hivyo, hata kama angetaka kwa moyo wote.

Kipindi kilirushwa tarehe 8 Aprili, siku nne baada ya Martin Luther King kuuawa. Mwaka huohuo Clark alionekana na Fred Astaire katika filamu ya “Finian's Rainbow”, na mwaka uliofuata na Peter O'Toole katika “Goodbye, Mr. Chips”, kwangu mimi, hizo ndizo kazi zinazoonyesha kwamba uigizaji wa utotoni haukupotea bure.

Jambo moja zaidi. Wimbo wenyewe, “On the Path of Glory”, ni wa kupinga vita, na Clark ni miongoni mwa waliouandika. Watu wametazama mkono mpaka wakasahau maneno. Jumapili nitakapokuja nitakutafsiria ubeti kwa ubeti, na safari hii sitajibu kwa haraka.

Mwanao akupendaye.