Makato yako ya asilimia 2 na ya kwetu huku Michigan

Mama Shani shoga yangu,

Habari za Kilosa, mvua zimeachia barabara? Voisi noti yako niliisikiliza alfajiri nikiwa ndani ya gari nasubiri shifti ianze, ile unasema kila ukifungua salari slipu unakuta asilimia 2 ya chama cha walimu imeshaondoka na fomu hukuwahi kujaza, ukaniuliza na huko Marekani mtu anakatwa hivyohivyo? Nimeshinda nalo siku nzima, nikaona bora niandike maana kwa sauti ningesahau nusu.

Ungekuwa mwalimu wa shule ya serikali hapa Detroit leo, usingekatwa hata senti bila kusaini mwenyewe. Zamani walikuwa wanakatwa, na ni walimu wa Detroit hawahawa walioipeleka kesi mpaka Mahakama ya Juu, mwaka 1977 ikaamuliwa kwamba asiye mwanachama anaweza kutozwa gharama za kujadili mishahara na kumtetea ila za siasa hapana. Ikakaa hivyo miaka 41, mpaka akatokea Mark Janus, mtumishi wa serikali jimbo la Illinois, alikuwa anakatwa kama dola 45 kwa mwezi, yeye akasema chama kikikaa na serikali kubishania pesa ya umma hiyo tayari ni siasa, na mimi siafiki wanachodai, sasa kwa nini nikichangie? Juni 2018 akashinda, majaji 5 kwa 4, ikawa kwa watumishi wote wa umma nchi nzima. Mimi yule bwana namuelewa, kulipia maneno usiyoyaamini kunauma.

Ila sisi wa kampuni binafsi mambo yetu ni mengine. Tangu 1947 kila jimbo linaamua lenyewe kama mkataba wa chama na mwajiri unaweza kumlazimisha mfanyakazi achangie. Majimbo 26 yamekataza, na sheria hizo wanaziita haki ya kufanya kazi, ukisikia unadhani unapewa ajira kumbe ni haki ya kutolipa ada tu. Michigan, jimbo ambalo wafanyakazi wa magari walikaa ndani ya viwanda Flint siku 44 mwaka 1936 kuingia 1937 mpaka kampuni ikakubali kuongea nao, nayo ilipitisha sheria hiyo mwishoni mwa 2012, wakaja kuifuta 2023 na kufutwa kwake kukaanza Februari 2024.

Nilipofika mimi 2019 kulipa ilikuwa hiari. Nililipa, kama masaa mawili na nusu ya mshahara kwa mwezi, wengi hawakulipa. Mmoja wao ni kaka mmoja Mkongo wa Bukavu tunaongeaga naye Kiswahili wakati wa mapumziko, yeye alisema wazi, dada mimi natuma pesa kwa mama, sina ya kuwapa hawa. Basi 2022 akapewa barua ya kufukuzwa, eti kachelewa mara tatu. Kiingereza chake kilikuwa bado, nikaitwa nitafsiri. Mwakilishi wetu wa chama, mama mmoja mweusi wa hapahapa amebakiza kidogo astaafu, alikuja na karatasi za mashine inayorekodi saa ya kuingia kazini, kazichapa zote za miezi miwili, na kalamu nyekundu. Akawa anaweka alama siku moja baada ya nyingine, taratibu, akageuza karatasi kuwaelekea wale wa HR: siku zote tatu supavaiza alikuwa amebadilisha saa ya shifti kwa mdomo, kwenye ubao haikuandikwa. Chumba kikanyamaza. Yule kaka akarudi kazini na siku 11 akalipwa.

Tulipotoka nilikuwa na hasira, nikamuuliza yule mama mbona umejitesa hivi kwa mtu asiyetoa hata dola? Akanijibu sheria inanilazimisha, halafu akanisimulia ilikotoka. Kulikuwa na mchochea makaa wa treni kule Alabama, Bester Steele, mtu mweusi. Chama cha wachochea makaa kilikuwa hakipokei weusi, lakini kisheria ndicho kilichoongea kwa niaba yao wote, kikaenda kukubaliana na makampuni ya reli weusi wapunguzwe waingizwe weupe. Steele akashtaki, na 1944 Mahakama ya Juu ikasema ukiwa ndiye mwakilishi pekee basi unawawakilisha wote kwa haki, wanachama na wasio wanachama. Kutoka reli ikaja kuwa hivyo na viwandani.

Shoga, hapo ndipo nilipoelewa. Mimi nilikuwa nalifikiria hili kama harusi, hujachangia hupewi kadi, unabaki nje ya ukumbi. Kumbe ni msiba. Kwenye msiba hafukuzwi mtu kwenye sufuria, na ndiyo maana daftari la mchango linapita kila mlango bila kuuliza nani alimpenda marehemu. Huwezi kusema chama kimtetee kila mtu halafu useme kila mtu akijisikia ndio alipe. Kwetu mfuko ulipungua mpaka mashauri mengine mazuri kabisa yakaachiwa njiani kwa kukosa pesa ya kumlipa msuluhishi wa kuamua kati ya chama na kampuni, nililia kwa ajili ya mmoja.

Kwa hiyo kukatwa naunga mkono, usinichukie. Lakini anayeshika daftari aonyeshe daftari! UAW, chama kikubwa cha magari hapa, marais wake wawili wa zamani walifungwa 2021 kwa kula pesa za wanachama, na wanachama wakapiga kura wakaipata haki ya kuchagua viongozi wa juu wenyewe moja kwa moja. Na wewe unayo sheria, ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, soma kifungu cha 72: usiye mwanachama hulazimishwi kujiunga, ada ya uwakala, yaani hiyo anayokatwa asiye mwanachama, haizidi ya mwanachama, inaingia akaunti yake peke yake na inatumika kwa maslahi ya wafanyakazi wa hapohapo mnapofanyia kazi. Sasa Jumamosi kwenye kikao usiulize kwa nini nakatwa, hilo watakujibu harakaharaka. Uliza akaunti hiyo iko wapi na imetumika kwa nini, na muwe wengi mnaouliza, mchukue na wale walimu wapya.

Zile daftari za Shani na viatu nimempa mtu anakuja mwezi ujao, atakupigia akifika Moro. Niambie kikao kimeendaje, hata kama ni usiku wa manane huku we piga tu.

Wako,
Zai