Wagonjwa wa kiharusi wananifikia wakiwa wamechelewa: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUANZISHA NJIA YA DHARURA YA KUZIBUA MISHIPA YA UBONGO KWA WAGONJWA WA KIHARUSI

Mheshimiwa Waziri, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nafanya kazi Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya watu ninaowahudumia ni waliopatwa na kiharusi. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninachoomba kinagusa wizara yako, TAMISEMI wenye zahanati na vituo vya afya, Bohari ya Dawa na bima ya afya kwa wakati mmoja, na jambo linalogusa wengi namna hiyo huwa halina wa kulishika. Naomba nchi yetu iwe na njia moja inayojulikana, usiku na mchana, ya kumtoa mgonjwa wa kiharusi alipoangukia hadi kwenye chumba ambako donge la damu lililoziba mshipa wa ubongo wake linaweza kutolewa. Naomba tuanze na Dar es Salaam.

Wananchi wengi bado wanaamini kwamba mtu akishapooza, kilichobaki ni mazoezi, dua na uvumilivu. Zamani walikuwa karibu na ukweli. Leo hawako.

Kiharusi kipo cha aina mbili. Kuna kinacholetwa na mshipa kupasuka na damu kuvujia ndani ya ubongo, na kuna kinacholetwa na mshipa kuziba. Kwa macho huwezi kuvitofautisha: wagonjwa wote wawili mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki. Ndiyo maana CT scan, picha ya ndani ya kichwa, ndiyo mlango wa kila kitu, maana ukimpa dawa ya kuyeyusha damu mtu ambaye mshipa wake umepasuka unaweza kumuua palepale. Picha ikionyesha kwamba hakuna damu iliyovuja, na mgonjwa yuko ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, anaweza kufaa kupewa alteplase, dawa ya kuyeyusha donge. Shirika la Afya Duniani liliitambua kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya kiharusi mwaka 2019, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ni dawa ya matajiri.

Lakini donge likiwa kubwa, limekaa kwenye mshipa mkubwa, mara nyingi dawa peke yake hailiwezi. Hapo ndipo inapoingia tiba ninayoizungumzia, ambayo madaktari huiita thrombektomia. Daktari anatoboa mshipa wa kinena, tundu dogo tu, anapitisha mrija mwembamba kupitia mshipa mkuu wa tumbo na kifua hadi shingoni, kisha ndani ya kichwa, huku akifuatilia kwenye skrini ya eksirei. Mrija ukifika penye donge anafungua kiwavu cha waya katikati yake, anasubiri dakika chache waya ulishike, halafu anavuta taratibu huku pampu ikifyonza. Fuvu halifunguliwi. Kinachotoka ni kipande cha damu iliyoganda, pengine chenye urefu wa sentimita moja au mbili, na ndicho kilichokuwa kinamzuia mtu kutamka jina la mwanawe.

Ushahidi ulikamilika mwaka 2015. Madaktari wa Uholanzi walichapisha utafiti wa MR CLEAN, wenye wagonjwa 500 katika hospitali 16: miezi mitatu baadaye, 32.6% ya waliopangiwa tiba hiyo juu ya huduma ya kawaida walikuwa wanajitegemea, wakati kwa waliopata huduma ya kawaida peke yake walikuwa 19.1%. Tafiti nyingine nne za mwaka huohuo zikasema hilohilo. Zote tano zilipounganishwa mwaka 2016, zikiwa na wagonjwa 1,287, ilionekana kwamba katika kila 100 wanaotolewa donge, 38 hivi wanabaki na ulemavu mdogo kuliko ule ambao wangebaki nao. Si wote wanaofaa, nasema hivyo waziwazi. Mshipa mkubwa huwa umeziba kwa sehemu tu ya wagonjwa wa kiharusi. Ila hao ndio wanaoumia vibaya kuliko wengine wote, na ndio wanaojaa kwenye chumba changu cha mazoezi.

Nikueleze habari za mmoja wao. Ni mama ntilie, hajafika miaka hamsini, presha anaijua lakini dawa anameza akijisikia vibaya. Alianguka saa kumi na moja alfajiri akiwasha jiko la chapati. Majirani wema walimtoboa ncha za vidole kwa sindano ili damu itoke, kwa sababu ujumbe wa WhatsApp ulisema hivyo. Baadaye wakampakia kwenye bajaji hadi zahanati, presha ikapimwa, ikawa juu sana, akalazwa kwenye benchi asubiri ishuke. Adhuhuri akaandikiwa rufaa. Hospitali aliyopelekwa ilikuwa na mashine ya CT scan, nzima, inafanya kazi. Binti yake akaambiwa alipie kwanza, na hela ikapatikana jioni kwa kupigia ndugu simu mmoja mmoja. Picha ilipigwa usiku. Ilisomwa kesho yake. Mshipa mkubwa wa upande wa kushoto wa ubongo ulikuwa umeziba, na sehemu ya ubongo inayobeba mkono wa kulia na usemi ilikuwa imeshakufa.

Kwangu alifika baadaye sana. Mkono wa kulia, uliokuwa ukikanda unga, umejikunja ngumi hadi kucha zinachimba kiganja. Tunamwekea kitambaa kilichoviringishwa ili ngozi isioze. Bega limeachia kwa sababu ndugu wamekuwa wakimnyanyua kwa kumvuta mkono, na hakuna aliyewaambia wasifanye hivyo. Neno analoweza kulitamka ni moja tu, nalo analitumia kuomba maji, kukataa chakula na kumwita binti yake. Binti alikuwa anajifunza ususi. Ameacha, maana mama hawezi kubaki peke yake hata kwenda chooni.

Mheshimiwa, katika safari hiyo yote hakuna mtu aliyefanya ukatili. Kila mmoja alifanya alichozoea. Tatizo ni kwamba hakuna mahali palipoandikwa kwamba mgonjwa wa namna hii hasubiri presha ishuke kwenye benchi, hasubiri risiti, na picha yake haisomwi kesho. Wataalamu wamekadiria kwamba mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, kila dakika inayopita hufa seli za neva milioni 1.9. Yule mama alipoteza siku nzima.

Na ukubwa wa tatizo tunaujua. Utafiti uliofanyika wilayani Hai na hapa Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology, uliwahesabu wanaopata kiharusi kwa mara ya kwanza. Baada ya kusawazisha umri, Hai walikuwa 109 hivi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam walikuwa 316, kiwango kinachozidi kile cha nchi nyingi tajiri. Tangu wakati huo jiji limekua mno.

Kinachonisukuma kuandika ni kwamba vipande vya njia hii tayari tunavyo. Kwenye eneo moja la Muhimbili, pale Upanga, kuna idara ya magonjwa ya dharura iliyofunguliwa mwaka 2010, kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ambako mishipa ya moyo inazibuliwa kwa mrija, na kuna Taasisi ya Mifupa yenye mabingwa wa ubongo na mtambo wa angiografia, yaani wa kupiga picha za mishipa ya damu. Mtu anatoka jengo moja hadi jingine kwa miguu. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3, zilisaidia kufikisha CT scan kwenye hospitali za rufaa za mikoa. Hayo ni mafanikio ya kweli, na ninayataja kwa sababu nataka yatumike kwa ajili ya watu hawa.

Hata gari lipo. Mfumo wa m-mama ulianzia Kanda ya Ziwa, mwaka 2022 ukatangazwa kuwa wa taifa. Mjamzito akipata dharura, namba 115 inapigwa bila malipo, msimamizi anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu, na likikosekana anaitwa dereva wa jamii ambaye atalipwa kwa simu. Hospitali inayompokea inajua kwamba mgonjwa yuko njiani. Hicho ndicho ninachokitaka kwa mtu aliyepinda mdomo ghafla. Anayepokea simu aulize maswali matatu tu: uso umepinda? mkono umeanguka? maneno yanatoka vibaya? Jibu moja likiwa ndiyo, aulize lilianza saa ngapi, kisha gari limpeleke moja kwa moja palipo na CT scan, bila kupitia zahanati. Najua m-mama ina wafadhili wake na bajeti yake, na sitaki mama mjamzito apunguziwe hata dakika moja. Naomba mfumo uongezewe watu na fedha ubebe na hawa.

Watakuwepo watakaokuambia kwamba nchi yenye kipato kama chetu haiwezi tiba hii. Naomba waelekezwe Brazil. Huko walijiuliza swali hilohilo, na badala ya kubishana wakafanya utafiti ndani ya hospitali 12 za umma, zile za foleni na upungufu wa vitanda, zinazowahudumia watu wa kawaida bila malipo. Utafiti huo, RESILIENT, ulikuwa na wagonjwa 221 waliofikiwa ndani ya saa nane tangu dalili zianze. Ulisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyopangwa kwa sababu faida ilishaonekana: waliotolewa donge, 35.1% walikuwa wanajitegemea baada ya miezi mitatu, na wasiotolewa walikuwa 20.0%. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na baadaye serikali ya Brazil ikaiingiza tiba hiyo kwenye huduma zake za umma. Brazil ina kipato kikubwa kuliko chetu, sibishi. Lakini somo lao ni la utaratibu: walichagua hospitali chache, wakazifunza, wakapima, wakalipia. Kutuma timu ndogo kutoka Muhimbili ikakae nao na kujifunza ni jambo linaloingia kwenye bajeti ya mafunzo.

Wapo pia watakaosema fedha ziende kwenye kupima na kutibu presha kwanza. Nakubaliana nao kabisa juu ya presha. Laiti yule mama angekuwa na vidonge vyake kila siku, pengine nisingemjua. Lakini mtu aliyeanguka leo asubuhi kinga imeshampita, na njia hiihii ya haraka ndiyo itakayomsaidia hata yule ambaye mshipa wake umepasuka, kwa sababu naye anahitaji picha, kitanda na daktari mapema. Na kwa wanaochelewa, mlango haufungwi kwa wote. Utafiti wa DAWN wa mwaka 2018 ulichagua kwa vipimo vya picha wagonjwa waliokuwa kati ya saa 6 na saa 24 tangu waonekane wazima kwa mara ya mwisho, ambao sehemu kubwa ya ubongo ilikuwa bado hai: 49% ya waliotolewa donge walijitegemea, dhidi ya 13% ya wasiotolewa. Kwa nchi ambayo watu wanasafirishwa mbali, hiyo ni habari kubwa.

Gharama ipo. Vifaa vinatumika kwa mgonjwa mmoja vikatupwa, navyo ni ghali. Kwa hiyo naomba Bohari ya Dawa ivinunue kwa pamoja badala ya kila taasisi kuhangaika peke yake, alteplase isikosekane kwenye hospitali zitakazochaguliwa, na kitita cha Bima ya Afya kwa Wote, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 2023, kiitaje tiba hii kwa jina. Kuhusu malipo kabla ya CT scan, hilo halihitaji mashine wala mfadhili. Linahitaji waraka wako tu: mgonjwa mwenye dalili za kiharusi apigwe picha kwanza, habari za fedha zifuate. Tena watumishi watakaoitwa saa nane usiku, daktari, muuguzi, mtaalamu wa mionzi na wa usingizi, wapewe posho yao kwa wakati, la sivyo njia hii itafanya kazi saa za ofisi peke yake.

Wakati hayo yakiandaliwa, kuna jambo linaloweza kuanza mwezi ujao. Agiza kila hospitali ya rufaa ya mkoa iandike, kwa kila mgonjwa wa kiharusi, saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho, saa aliyofika, saa aliyopigwa picha na saa picha iliposomwa. Nyakati nne kwenye faili. Zikusanywe kila robo mwaka na zitangazwe hadharani, mkoa kwa mkoa, ili wewe na sisi tujue wagonjwa wanapotelea wapi. Chumba changu cha mazoezi kiko tayari kuongeza upande wake: waliofika hadi kwetu wako wangapi, na baada ya miezi mitatu ni nani anayeweza kula, kuvaa na kwenda chooni mwenyewe.

Nasubiri majibu yako, na nitashukuru yakitolewa hadharani kama barua hii.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Dar es Salaam.