Kabureta za Alfa si vyuma chakavu

Mhariri,

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa Grogan, mtaa wa spea za magari hapa Nairobi kando ya Barabara ya Kirinyaga, nikitafuta bomba la mpira la radieta, nikaona kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu vitu viwili vilivyonisimamisha. Vilikuwa vimelazwa juu ya pistoni zilizovunjika, vimejaa masizi na vumbi, lakini umbo lake halifichiki: kabureta mbili za kulala, yaani vifaa vya kuchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, kila moja ina midomo miwili, na nilipopangusa kifuniko cha juu kwa kidole, jina Weber likasomeka wazi. Zote mbili zilikuwa na uzito wa kilo sita na nusu. Muuzaji, kijana mwenye adabu, aliniambia zimetoka kwenye gari la zamani la Kiitaliano ambalo mwenyewe ameamua kulifungia kabureta ya pikapu ya Kijapani, kwa sababu zile za kwanza zilikuwa zinakunywa mafuta na kumsumbua kila asubuhi.

Ninakuandikia kwa sababu ya maneno hayo. Nimemiliki Alfa Romeo 2000 GTV ya mwaka 1973 hapa Nairobi kwa miaka 19, na katika miaka hiyo nimeyasikia kutoka kwa mafundi, kwa majirani na hata kwa watu wanaotaka kulinunua gari langu kwa bei ya kunionea huruma. Kwa heshima zote kwa mafundi wetu, ambao wengi wao ni hodari kuliko wanavyolipwa, nasema kwamba kabureta hizi huhukumiwa kwa kosa lisilo lao, na kwamba anayezing'oa huliondolea gari kitu ambacho ndicho kilichomfanya alipende.

Injini ya gari hili ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,962, na kila silinda ina mdomo wake wa kabureta, bila kugawana na jirani. Ndiyo maana mguu ukigusa kichapuzi injini huitika papo hapo, na ndiyo maana sauti yake ya kuvuta pumzi haifanani na ya gari jingine lolote barabarani. Kabureta za namna hii zilitokana na kazi ya Edoardo Weber, mzaliwa wa Torino aliyeanzisha biashara yake mjini Bologna mwaka 1923, na zilifungwa kwenye magari ya mbio na ya kawaida ya Kiitaliano kwa miongo mingi. Kuna Alfa za miaka hiyohiyo zilizotoka kiwandani na kabureta za Dellorto au Solex, na ninayoyasema hapa yanazihusu hizo pia kwa sehemu kubwa.

Sasa tuje kwenye hilo la kunywa mafuta. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yetu ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Kabureta hupima petroli kwa mvuto wa hewa inayopita kooni mwake. Haina namna yoyote ya kujua kwamba hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo hutoa petroli nyingi kuliko inavyohitajika. Gari lililopangwa kwa vipimo vya kitabu cha kiwandani, ambavyo ni vya nchi zilizo karibu na usawa wa bahari, likifika hapa plagi zake huwa nyeusi tii, moshi huwa mzito, na harufu ya petroli hujaa chumbani mwa abiria. Fundi asiyejua sababu hufungua kabureta, akazisafisha, akazirudisha, na wiki inayofuata hali ni ileile. Hapo ndipo hukata shauri kwamba zimekufa. Hazijafa. Zinachotaka ni jeti ndogo zaidi, yaani vile vipande vyenye tundu dogo ambamo petroli hupimwa ikipita.

Katika gari langu nilipunguza jeti kuu kutoka 130 hadi 125. Nambari hizo ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, yaani milimita 1.30 na 1.25, tofauti ambayo jicho haliioni, ilhali eneo la tundu hupungua kwa zaidi ya asilimia 7. Baada ya badiliko hilo dogo, pamoja na kurekebisha jeti za mwendo wa taratibu na usawa wa maboya yanayodhibiti kina cha petroli ndani ya kabureta, plagi zilibadilika zikawa na rangi ya biskuti, na gari likaacha kutapika moshi kwenye mteremko wa Waiyaki Way. Nguvu zote za Mombasa hazirudi, kwa sababu hewa iliyopungua imepungua, na mwenye gari la kabureta katika nyanda za juu hana budi kulikubali hilo kwa moyo mkunjufu.

Ninapoteremka pwani huwa nabeba jeti nne za 130 ndani ya mkebe wa peremende. Mtito Andei husimama chini ya mti, nikaacha injini ipoe, kisha nikafungua kile kifuniko cha duara kilicho juu ya kila kabureta, ambacho hushikwa na nati moja ya kuzungusha kwa vidole. Chini yake vishikio vya jeti vimesimama wima, vya shaba, vikingojea bisibisi ya kichwa bapa. Kila kishikio hutoka na mrija wake, jeti kuu ikiwa chini na jeti ya hewa juu, na nne za kubadilishwa hazimalizi robo saa. Malori ya Mombasa hupita yakinitikisa, na mara zote kuna mtoto anayekuja kuuliza kama gari limeharibika. Humwonyesha jeti, nikamwambia aitazame mwanga wa jua ukipita katikati ya tundu. Ni sehemu ninayoipenda kuliko zote katika safari hiyo.

Sitaki msomaji adhani mambo yamekuwa mepesi kwangu tangu mwanzo. Mwaka wa pili wa kulimiliki, gari lilianza kukosa utulivu likiwa limesimama, mara likipanda mizunguko, mara likitaka kuzima, na karakana moja ya hapa jijini ilikaa nalo wiki saba. Walibadilisha jeti, wakabadilisha kondensa na koili za kuwashia cheche, wakanitoza kwa kila hatua, na mwisho wakanishauri nizitupe kabureta. Kosa halikuwa huko. Kabureta hizi hukaa juu ya vikalio vya mpira uliogandishwa kwenye chuma, vinavyozikinga na mtikisiko wa injini. Mpira huo hupasuka kwa uzee, na hupasukia upande wa chini ambako jicho halifiki, hewa ya wizi ikaingia humo na kuvuruga mchanganyiko wote. Aliyeugundua ufa huo ni mzee mmoja fundi wa Kariobangi, ambaye alinyunyiza maji kidogo kuzunguka vikalio injini ikinguruma, akasikiliza sauti ikibadilika, akaniambia, "Kijana wangu, gari lako linapumua kwa mbavu."

Mzee huyo alizisawazisha kabureta zangu kwa kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa kama mkono. Alitia ncha moja sikioni, nyingine akaikaribisha kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, akasikiliza mluzi wa hewa, akahamia ya pili, akageuza skrubu ya kiungo robo kwa robo mpaka miluzi miwili ikawa mmoja. Alifumba macho muda wote. Mzee alifariki miaka sita iliyopita, Mungu amrehemu, na sijampata mwingine anayefanya hivyo bila kubahatisha. Kwa hiyo nimejifunza kuifanya mwenyewe, polepole na kwa makosa mengi.

Kwa kuwa najua vijana wengi siku hizi wanayatafuta magari haya, niseme na juu ya kununua. Sheria yetu kwa kawaida hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Alfa au Fiat ya zamani utakayoipata Nairobi karibu kila mara ni ile iliyokuwa hapa tangu zamani, na idadi yake haiongezeki. Hilo ndilo linalofanya kila gari linalochinjwa kwa ajili ya spea liwe hasara isiyolipika.

Usinunue rangi. Injini ya Alfa hutengenezeka, kabureta hutengenezeka, lakini bodi iliyoliwa na kutu humaliza pesa na subira. Chukua sumaku ndogo, uifunge kwa kipande cha leso isikwaruze, uipitishe kwenye kingo za chini ya milango: pale inapokataa kushika pamejazwa pati, ule ujazo wa kuficha kutu. Kingo hizo katika GTV zimejengwa kwa tabaka tatu za bati, na fundi wa haraka huchomelea ya nje tu, akaiacha ya ndani ikiendelea kuoza huku gari likipoteza uti wake wa mgongo. Inua kapeti, tazama sakafu na shimo la gurudumu la akiba. Gari lililoishi Nyanda za Juu huwa na afya kuliko lililoishi karibu na chumvi ya bahari, hata kama la pwani limepakwa rangi nzuri zaidi.

Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha radieta: ukiona utando wa kahawia kama siagi, gasketi ya kichwa imeruhusu oili kuingia kwenye maji, ugonjwa unaojulikana wa injini hizi. Liendeshe gari, na uhamishe kutoka gia ya kwanza hadi ya pili kabla oili ya giaboksi haijapata joto; mkwaruzo kidogo ni kawaida ya uzee wake, ila ukiendelea hata baada ya nusu saa, giaboksi itafunguliwa. Kisha linganisha nambari. Injini asilia ya 2000 huanza na AR 00512, na nambari ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria. Zote zilingane na logibuku. Mengi ya magari haya bado yako kwa majina ya marehemu, na bila hati ya mahakama ya kusimamia mirathi hakuna atakayeweza kukuhamishia umiliki kupitia NTSA, mamlaka inayosajili magari, hata mkipatana bei kwa nia njema. Nimemwona mtu aliyelipa pesa taslimu na hadi leo anaendesha gari la babu wa mtu mwingine.

Kuhusu mafuta, petroli isiyo na risasi, tuliyobaki nayo kufikia 2006, haijazidhuru injini za Alfa, kwa kuwa kichwa chake cha aluminiamu kina viti vya vali vya chuma kigumu. Kinachozidhuru ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Serikali iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa ajili ya kuukomesha uchanganyaji huo, na nafuu ilipatikana. Hata hivyo, mimi hujaza kituo kilekile kila wiki na huwaomba wenzangu wafanye vivyo hivyo.

Ombi langu kwa vyuo vya ufundi vya hapa nchini ni dogo. Wanafunzi wanafundishwa, na ni haki, mifumo ya kompyuta inayopima mafuta katika magari ya kisasa. Lakini kabureta moja iliyofunguliwa mezani humwonyesha mwanafunzi kwa macho yake kile ambacho kompyuta inafanya gizani, na pikipiki zinazotembea vijijini kwetu kwa maelfu bado zina kabureta. Kila mwaka, kwenye Uwanja wa Mbio za Farasi wa Ngong, chama cha wenye Alfa Romeo huandaa mashindano ya umaridadi wa magari, na wanafunzi wakipelekwa pale siku hiyo watawakuta watu walio tayari kuwafungulia boneti na kuwaeleza kila kitu. Mimi nitakuwa mmoja wao.

Zile kabureta mbili za Grogan nilizinunua kwa Sh1,300. Jozi mpya ukiiagiza Ulaya haipungui Sh100,000 kabla ya ushuru. Nimezisafisha kwa petroli na brashi ya meno: moja inafunguka vizuri, ya pili shafti yake imeganda lakini itaachia. Ziko mezani kwangu zimefunikwa kwa kitambaa. Ikiwa mwenye gari zilikotolewa anasoma barua hii, tafadhali amwandikie Mhariri, akitaja nambari iliyogongwa juu ya vifuniko vyake, nami nitamrudishia kwa Sh1,300 zilezile, pamoja na jeti nne za 125 bila malipo, na nitakwenda kumsaidia kuzifunga.

Msomaji wako,
Mwenye GTV, South C, Nairobi