Mmepiga picha daraja, watu wa kivuko mmewaacha

Mhariri, habari za kazi. Mimi msomaji wako wa Pangani, gazeti lako linatufikia na basi la kutoka Tanga limeshachelewa na mara nyingine limeshafungiwa maandazi, ila tunalisoma hivohivo. Nimeona ile picha mliyotoa ya daraja letu linalojengwa. Picha nzuri sikatai, nguzo zimesimama, winchi imenyoosha shingo, mawingu yamekaa vizuri, lakini nimeitazama mara tatu sijaona mtu. Hata mmoja. Na huku chini kwenye kona kuna kitu cheupe kama kipande cha sabuni majini, sasa hicho ndo kivuko chetu bwana mhariri, juu yake kulikuwa na watu na inawezekana kabisa mmoja wao ni mimi.

Mimi si mpiga picha wa magazeti. Nina steshenari ndogo, natoa kopi, najazia watu fomu, napiga paspoti saizi, na hizo paspoti ndo zinalipa luku. Kamera niliinunua mtumba, lensi ina ukungu kwa ndani (hewa ya chumvi haina huruma) kwahiyo picha zangu zote kule juu upande wa kulia zina kama moshi, wanaonijua wanasema hiyo ndo saini yangu. Jumapili nikifunga duka natembea nayo. Mji wenyewe mdogo, ukianzia Boma la zamani walilotumia Wajerumani, ukakatiza kwenye zile nyumba za zamani zenye roshani za mbao zilizochoka, ukafuata mto mpaka mdomoni unapoingia baharini, hata saa moja haiishi, labda usimamishwe na watu, na utasimamishwa.

Wageni wakija wanapiga vitu viwili, jua na jahazi. Siwalaumu, jua letu zuri kweli, asubuhi linachomoza kwenye mdomo wa mto na jioni linazama huko juu nyuma ya minazi, yani mto umelazwa kama umepangwa kwa ajili ya kamera. Mi mwenyewe miaka miwili ya kwanza nilikuwa napiga hivohivo, nina majahazi mpaka memori kadi inalia. Siku moja nikamwonyesha mama mmoja anayeuza vitumbua pale gatini, akapitisha kidole moja moja, akarudisha akasema, mwanangu, kwani huku kwenu hakuna watu? Sikuwa na jibu. Toka siku hiyo nikageuza kamera.

Sasa niongelee kivuko maana wengi wenu huko Dar mnakisikia tu kikiharibika. Saa kumi na mbili na kitu asubuhi upande wa Bweni, ng'ambo ya mto, tayari wamejaa, wanafunzi na soksi zimekunjwa mfukoni zisilowe, bodaboda zimebeba nazi mpaka dereva humwoni, kuku kwenye tenga, mtu na kabati la kioo kalikumbatia kama mchumba, gari la ofisi fulani limefunga vioo, na mzee mmoja kila siku anasimama palepale kushoto karibu na kamba, hata kukiwa na nafasi kulia haendi. Geti likishuka wote wanaingia kwa pamoja halafu ghafla hakuna pa kwenda. Ni dakika chache tu lakini ndo dakika zenyewe. Deni linakumbushwa hapo, harusi inaalikwa hapo, mtu aliyekukwepa wiki nzima mtaani leo mmebanana bega kwa bega na maji pande zote atakwenda wapi. Nimewahi kuvuka na jeneza, hakuna aliyesema tunyamaze, ila hata wale madogo wa bodaboda walizima redio zao wenyewe na injini ikabaki peke yake. Sikupiga. Kamera ilikuwa shingoni na mkono haukwenda.

Watu wengine hawataki kupigwa na wana haki yao, mi nauliza kwanza, akikataa basi. Kuna kijana alikuwa kabeba magodoro matatu kwenye pikipiki, katoa shati, jasho linang'aa, jua la saa moja limempiga ubavuni, nikampiga, alipoiona akasema hapana kaka subiri nivae shati nisimame vizuri. Nikampiga na shati. Ile ya pili amekaa kama anaomba kazi serikalini, lakini ndo aliyoitaka nikamprintia hiyo, ya kwanza nimebaki nayo mimi na amesema nisimwonyeshe mama yake. Kwenye hili najua wapiga picha wakubwa watanicheka, ila kwangu picha ya mtu ni mali ya mtu kwanza.

Kupiga nako si rahisi hivo. Jamaa mmoja mwenye kizibao cha riflekta aliwahi kunifuata, wewe unapiga kivuko umetumwa na nani, futa. Nikafuta kumi na moja huku amesimama juu yangu anahesabu. Moja ilikuwa ya kuku tu. Lakini huohuo mchana mzungu mmoja alisimama palepale na lensi kama mkono wa mtoto, jamaa akamsogezea watu wasimzibe.

Mtasema kivuko kinaondoka kwani kuna ubaya gani. Hakuna. Naomba nieleweke hapa kabisa, mimi daraja nalitaka na nalitaka jana. Dada yangu alishikwa uchungu usiku akiwa Bweni, kivuko kimeshalala, hospitali tunaiona taa zake ng'ambo, tukamvusha na mtumbwi wa kupiga kasia, mimi nashika tochi na mikono inatetemeka. Mtoto sasa yuko darasa la tatu, mtundu balaa. Kwahiyo asije mtu kuniambia napenda shida za watu sababu zinatoa picha nzuri. Mita 525 hizo za daraja ziishe, barabara ishuke mpaka Saadani na Bagamoyo, mabasi yapite usiku na mchana. Ila siku ya kwanza likifunguliwa mtakuja na kamera kumi kumpiga mgeni rasmi anakata utepe, na siku ya pili pale gatini hakutakuwa na mtu, na yule mama wa vitumbua atahamia sijui wapi, na hakuna atakayekuwa na picha ya palivyokuwa.

Nasema hivi kwasababu ya Maziwe, kile kisiwa chetu cha mchanga huko baharini. Tulichanga hela ya mafuta watu nane tukaenda kwa mashua, tukachagua bamvua maana kikipwa kisawasawa ndo mchanga unatoka mkubwa, ukienda kipindi cha maji mafu unapata kipande kidogo unasimama kama korongo. Tukafika, mchanga mweupe, maji ya kijani unaona mpaka samaki wadogo, vijana wakaanza selfi, mi nikakaa na nahodha, mtu mzima. Akanyoosha mkono akasema hapa palikuwa na mivinje. Miti, kabisa! Kisiwa kizima, kasa wanapanda kutaga, wavuvi wanalala kivulini kusubiri upepo, na kikawekwa hifadhi 1975, halafu bahari ikala taratibu, kufika miaka ya themanini miti hakuna, sasa hivi maji yakijaa kisiwa hukioni kabisa na viota vya kasa inabidi vihamishiwe Ushongo visizame. Nikamuuliza mzee, picha ipo? Akacheka. Nani alikuwa na kamera, akasema, na nani angejua miti itaondoka? Tukakaa hapo tukiangalia mchanga, yeye anaona mivinje na mimi naona mchanga, mpaka maji yakaanza kurudi tukaitana chomboni.

Sasa sisi kamera tunazo, kila mtu anayo mfukoni, tatizo zinakaa wasap stetasi siku moja zimefutika au simu inatumbukia mtoni (mwaka huu peke yake najua simu nne zilizotumbukia pale getini, moja ya kwangu). Ndo maana naprinti. Karatasi ya picha bei imepanda lakini kila mwisho wa mwezi nachagua sita naprinti napeleka kwa wenyewe. Mama wa vitumbua yake kaibandika ndani ya kifuniko cha ndoo, anasema akifunua asubuhi anajisalimia.

Ombi langu kwako mhariri ni dogo. Kwenye ukurasa wa Jumamosi ule wenye bahati nasibu na mapishi, tupeni kipande, hata cha ukubwa wa kiganja, picha moja ya wasomaji kutoka miji midogo, Pangani leo, kesho Mikindani, kesho kutwa Lushoto siku ya gulio, na chini yake muandike nani huyo na anafanya nini kama mwenyewe karidhia, msiandike tu "wananchi wakiendelea na shughuli zao", hiyo sentensi tumeichoka. Au mtumeni mpiga picha wenu aje avuke siku nzima kutoka asubuhi mpaka cha mwisho, chakula nitamlipia mimi, pweza wa nazi na ugali, alale kwangu.

Nimekuambatanishia tatu. Ya kwanza nimepiga kutoka juu kilima cha Bweni mji wote unaonekana mpaka mdomo wa mto, ya pili ndani ya kivuko, ya tatu kuku. Ukitumia ile ya pili tafadhali msiikate upande wa kushoto ili ienee kwenye safu, pale pembeni kuna mkono wa yule mzee, uso wake hakutaka uonekane, ila mkono alinikubalia, umeshika kamba.

Mwenye steshenari karibu na stendi,
Pangani