Harambee ya tangi la kutuamisha mwani, Mikindani

Ndugu wazazi, wahitimu na majirani,

Bwawa la mwani wa kusafishia maji machafu ya bweni limekamilika: mita 20 kwa 6, kina sentimita 30. Litapokea lita 6,000 za maji ya bweni kila siku na kuyashikilia siku 6. Limebaki tangi la kutuamisha mwani ili uvunwe, na vichanja vya kuukaushia. Tunaomba shilingi 2,700,000.

Maji ya sabuni na mkojo yana fosfeti. Ikifika ghubani huotesha ukijani, ambao ukioza hula oksijeni ya samaki. Mwani mdogo usioonekana kwa macho, kama klorela, huifyonza na kuistahimili kwa sababu hauiachi izagae ndani ya seli: huiunga minyororo mirefu, polifosfeti, na kuifungia kwenye vifuko pamoja na kalsiamu. Kazi hiyo inataka nguvu, na nguvu hutoka kwenye mwanga. Ndiyo maana tulikataa ushauri wa kuchimba mita nzima. Chini kungekuwa giza tu.

Mkojo tutauchanganya makusudi. Maji ya kufulia peke yake yana nitrojeni haba, na mwani unahitaji takribani gramu 7 za nitrojeni kwa gramu 1 ya fosforasi. Mkojo ukizidi nao ni balaa: mchana wa jua kali maji hupanda ualkali, amonia yake ikageuka sumu.

Sasa, kuweka akiba siyo kuondoa. Seli ikifa, au ikiliwa na vidudu vya majini, sehemu kubwa ya fosfeti hurudi majini ilikotoka. Mwani usipovunwa ukiwa hai, bwawa ni kazi bure.

Tangi litakuwa mita 2 kwa 2.5, kina 1.5, sakafu ya mteremko hadi bomba la inchi 4. Tope la kijani litafunguliwa kila asubuhi, na ndoo chache zitarudishwa bwawani ili aina zinazotuama upesi ndizo zitawale.

Saruji mifuko 30, nondo 20 za milimita 12, kokoto, mchanga, bomba na valvu: 1,700,000. Fundi 700,000. Vichanja 300,000.

Mwani mkavu utakwenda kitalu cha mikorosho. Kuku hawatapewa, wala bustani ya mchicha haitatiwa. Maji ya bweni yana vimelea.

Michango ipokelewe na mhasibu, ofisini, kwa risiti. Mwenye lori la mchanga wa mtoni alete. Wa ufukweni hatupokei, chumvi yake hula nondo.